TAHARIRI: TLC waliuza albamu milioni 10 na bado wakasota, wewe umesoma mkataba wako?

Mnamo Julai 1995, kibao ‘Waterfalls’ cha kundi la TLC kilipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard Hot 100 nchini Marekani. Kilikaa hapo majuma saba. Mwezi huo huo, mabinti watatu waliokiimba walifika mahakamani wakisema wamefilisika na kuomba ulinzi dhidi ya waliokuwa wakiwadai.

Madeni yao yalikuwa takriban dola milioni 3.5. Albamu iliyobeba kibao hicho, CrazySexyCool, ilikuwa ikiuzwa kama njugu. Kwa lugha ya mtaa, walikuwa wamevuma na wamesota kwa wakati mmoja.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu hamkuwa mmezaliwa. Lakini kisa chao kinawahusu, kwa sababu karibu kila wiki kuna kijana hapa kwetu ambaye wimbo wake umeshika TikTok, anaitwa ofisini, anapewa soda na karatasi kadhaa, na anatia sahihi kabla soda haijaisha.

Msimamo wetu ni huu: umaarufu haukulipi chochote ambacho mkataba haujasema ulipwe. TLC walilijua hilo wakiwa tayari wamechelewa, na iliwachukua miaka ya kesi na ugomvi kujinasua. Wewe una nafasi ya kulijua leo.

WALIVYOANZA

TLC ni zao la jiji la Atlanta, katika jimbo la Georgia. Kundi lilianza miaka ya 1990 ikipambazuka, likiwa na Tionne Watkins aliyeitwa T-Boz, Lisa Lopes aliyeitwa Left Eye, na msichana wa tatu, Crystal Jones. Herufi za kwanza za majina yao ndizo zilizolipa kundi jina.

Crystal hakudumu. Nafasi yake ilichukuliwa na Rozonda Thomas, aliyekuwa mnenguaji wa kundi jingine la lebo hiyo hiyo. Rozonda hana herufi C katika jina lake, kwa hivyo akabatizwa Chilli ili jina TLC lisiharibike.

Kila mmoja alikuja na lake. T-Boz ana sauti nzito, ya chini, ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuikosea. Chilli ana sauti laini ya R&B. Left Eye alikuwa rapa, mtunzi na mchoraji wa mawazo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha moto, na kama tutakavyoona, wakati mwingine moto wenyewe.

Albamu yao ya kwanza, Ooooooohhh... On the TLC Tip, ilitoka Februari 1992. Wakati huo wasichana wengi kwenye video za muziki walikuwa wakivalishwa nguo za kubana. TLC walitokea na suruali pana za rangi kali, kofia kubwa, na mipira ya kondomu imebandikwa kwenye nguo. Left Eye alibandika mmoja kwenye lenzi ya miwani yake, upande wa jicho la kushoto.

Haikuwa kiki ya bure. Miezi michache kabla, Novemba 1991, nyota wa mpira wa vikapu Magic Johnson alikuwa ametangaza kuwa ana virusi vya HIV, na Marekani nzima ilikuwa ikizungumzia ugonjwa huo kwa kunong’ona. Mabinti wa miaka 20 na kitu waliamua kuusema waziwazi, na kusema pia kwamba msichana ana haki ya kujikinga bila kuomba ruhusa. Albamu hiyo iliuza mamilioni ya nakala.

MOTO NA ALMASI

Kabla ya albamu ya pili kukamilika, Left Eye aliingia kwenye vichwa vya habari kwa sababu nyingine. Juni 1994, baada ya ugomvi na mpenzi wake Andre Rison, mchezaji wa timu ya Atlanta Falcons, aliwasha moto viatu ndani ya bafu. Moto ukashika nyumba nzima. Alipigwa faini, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka mitano na kupelekwa kupata matibabu ya ulevi. Ndiyo maana sauti yake inasikika kidogo zaidi kwenye CrazySexyCool.

Albamu hiyo ilitoka Novemba 1994 na ikabadilisha kila kitu. ‘Creep’ iliongoza chati kwa majuma manne. Left Eye hakupenda ujumbe wake, wa mwanamke anayelipiza usaliti kwa usaliti, hata akatishia kujibandika utepe mweusi mdomoni kwenye video. Kisha ikaja ‘Waterfalls’, wimbo unaosimulia mama anayemlilia mwanawe aliyeingilia biashara ya dawa za kulevya, na mwanamume anayedhoofika kwa ugonjwa asioujua jina. Video yake ilishinda tuzo ya Video ya Mwaka ya MTV mwaka 1995.

Mwaka uliofuata, CrazySexyCool ilitunukiwa Grammy ya albamu bora ya R&B, na ‘Creep’ ikaleta Grammy ya pili. Mauzo Marekani pekee yalipita nakala milioni 10, na TLC wakawa kundi la kwanza la wanawake kupata cheti cha almasi nchini humo.

Usiku huo wa Grammy, mbele ya wanahabari, wasichana hao walisema wazi kwamba wao ndio kundi la wanawake linalouza zaidi, na kwamba hawana pesa. Watu waliduwaa. Wengine walidhani wanatania.

HESABU YA SENTI 56

Itawezekanaje kuuza albamu milioni 10 na ukose hela? Left Eye alilijibu swali hilo mwaka 1999 kwenye kipindi cha televisheni ya VH1, kama mwalimu wa hesabu aliye mbele ya ubao. Hebu tuifuate hesabu yake.

Mkataba wa TLC uliwapa asilimia 7 ya mauzo. Kwa makadirio yake, hiyo ilikuwa senti 56 za dola kwa kila albamu. Si dola 56, ni senti 56, na si kwa kila msichana, ni kwa wote watatu.

Zidisha kwa milioni 10. Unapata dola milioni 5.6. Bado inaonekana pesa nyingi, sivyo? Sasa subiri.

Kwanza, kampuni inakata gharama zake. Studio, watayarishaji, video, usafiri, mavazi, yote yanaandikwa kama deni la msanii. Ile video kali uliyoishangilia YouTube mara nyingi imelipwa na mwimbaji mwenyewe, kupitia mgao wake. Tuseme gharama ni dola milioni 3. Zimebaki milioni 2.6.

Pili, mkono wa serikali. Kodi ya kiwango cha juu Marekani, ukijumlisha ya jimbo, inaweza kukaribia nusu. Tuseme imebaki milioni 1.3.

Tatu, meneja na mawakili wanachukua chao. Kinachobaki kinagawanywa kwa tatu. Kila binti anaondoka na laki chache za dola, kwa kazi ya miaka kadhaa, huku dunia ikimdhania ana mamilioni. Ndugu wanapiga simu. Marafiki wanataka kusaidiwa. Na Left Eye alikuwa na deni la zaidi ya dola milioni moja kwa kampuni ya bima, kwa ajili ya ile nyumba iliyoteketea.

T-Boz alikuwa na mzigo wake mwingine. Anaishi na ugonjwa wa selimundu, ule ule unaotesa familia nyingi za magharibi ya Kenya na Pwani. Alitumbuiza akiwa na maumivu na kulazwa hospitalini mara kwa mara, na alijitokeza hadharani kuuzungumzia mwaka 1996. Kwa mtu kama huyo, pesa za msanii zinageuka kuwa dawa, kitanda cha wodi na uhai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. TLC walikuwa na mali, lakini daftari lilikuwa mikononi mwa wengine.

NANI ALIKUWA UPANDE WA NANI?

Asilimia ndogo ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni watu walioizunguka meza siku ya kutia sahihi.

Meneja wao alikuwa Perri Reid, mwimbaji aliyejulikana kama Pebbles. TLC walitia sahihi na kampuni yake, Pebbitone. Pebbitone nayo ikaingia mkataba na lebo ya LaFace, iliyoanzishwa na L.A. Reid na Babyface. LaFace ikasambaza muziki wake kupitia kampuni kubwa ya Arista.

L.A. Reid alikuwa mume wa Pebbles.

Kazi ya meneja ni kukupigania dhidi ya lebo: aombe asilimia ya juu, ahoji gharama, agome inapobidi. Sasa meneja wako akiwa mke wa mwenye lebo, na pia mwenye kampuni iliyo katikati, atamgomea nani jioni akifika nyumbani? Hata kama ana nia njema kabisa, ameketi kwenye viti vitatu.

Haki itendeke kwa wote. Pebbles amekana kila mara kwamba aliwanyonya wasichana hao, na filamu ya televisheni kuhusu TLC ilipotoka mwaka 2013, aliishtaki kampuni ya Viacom akisema imemchafulia jina. Kesi hiyo iliishia kwa maelewano.

Lebo pia ilikuwa na jibu lake. Ilidai kwamba TLC hawakuwa wamefilisika kikweli, bali walitumia mahakama kama silaha ya kulazimisha mkataba mpya. Na kuna hoja ambayo hatuwezi kuipuuza: kabla hujavuma, ni lebo inayoweka pesa. Wasanii wengi hawarudishi hata gharama ya studio, na hasara hiyo ni ya kampuni. Bila LaFace, Dallas Austin, Babyface na Organized Noize, huenda tusingewahi kulisikia jina TLC.

Tunaikubali hoja hiyo nusu. Anayeweka mtaji ana haki ya faida. Lakini mkataba uliosainiwa na wasichana wasiojulikana haufai kubaki ule ule baada ya wao kuibeba kampuni mabegani. Hata Arista na LaFace waliliona hilo mwishowe, kwani mwishoni mwa 1996 pande zote zilikubaliana. TLC walipata masharti bora na kuachana na Pebbitone, ingawa Pebbles naye aliachiwa sehemu ya mapato ya baadaye.

Angalia gharama ya ushindi huo lakini. Tangu CrazySexyCool hadi albamu iliyofuata ni zaidi ya miaka minne. Kwa kundi lililokuwa kileleni, miaka minne ni umri mzima.

KALAMU NDIYO INAYOLIPA

FanMail ilitoka Februari 1999 na ikaonyesha kwamba moto haujazima. ‘No Scrubs’ iliongoza chati kwa majuma manne. Kila msichana wa Nairobi anamfahamu mwanamume anayeimbwa humo: anaketi kiti cha abiria kwenye gari la rafiki yake, hana mbele wala nyuma, lakini anawarushia wasichana maneno dirishani kama kwamba gari ni lake. ‘Unpretty’, uliotokana na shairi la T-Boz kuhusu msichana anayechukia umbo lake, nao ukafika nambari moja. Mnaoishi enzi ya filta na ‘likes’ mnaweza kuuelewa wimbo huo kuliko waliousikia mara ya kwanza.

Albamu hiyo nayo ilinyakua tuzo za Grammy. Lakini kuna jambo moja kuhusu ‘No Scrubs’ ambalo kila chipukizi anapaswa kulikariri.

Wimbo huo uliandikwa na Kandi Burruss na Tameka Cottle, wote wawili waimbaji wa kundi jingine la wasichana wa Atlanta, Xscape, pamoja na mtayarishaji Kevin Briggs. Mwaka 2017, Ed Sheeran alipotoa ‘Shape of You’, watu waligundua inafanana na ‘No Scrubs’. Majina ya watunzi hao watatu yakaongezwa kwenye orodha ya watunzi wa wimbo huo wa Sheeran, uliotokea kuwa miongoni mwa nyimbo zilizosikilizwa zaidi duniani.

Maana yake ni kwamba karibu miaka 20 baadaye, kwenye wimbo ambao hawakuuimba, watunzi walipata mgao. T-Boz na Chilli, ambao sauti zao ndizo zilizoufanya ‘No Scrubs’ ujulikane kuanzia Atlanta hadi kwenye matatu za Nairobi, hawakuwemo kwenye orodha hiyo.

Hakuna aliyemwibia mtu hapo. Ndivyo hakimiliki inavyofanya kazi. Kuna haki ya aliyetunga wimbo, kuna haki ya mwenye rekodi, na kuna haki ya aliyeimba. Ni mifuko mitatu tofauti. Ukiandika mstari mmoja wa kiitikio studioni saa nane za usiku, hakikisha jina lako limeandikwa kabla jua halijachomoza. Left Eye alilijua hilo. Ni mmoja wa watunzi wa ‘Waterfalls’ kwa sababu ya mistari yake ya rap.

UGOMVI, KIFO, NA KITI KISICHOJAZWA

Pesa zikikosekana au mgao usipoeleweka, undugu huingia doa. Mwaka 1999, Left Eye alilalamika hadharani kwamba mawazo yake yamewekwa kando kwenye FanMail. Kupitia jarida la Entertainment Weekly aliwapa wenzake changamoto: kila mmoja atoe albamu yake peke yake, zote tatu ziuzwe pamoja, mashabiki wapige kura, na mshindi apate dola milioni 1.5. T-Boz na Chilli walikataa. Kwa muda ilionekana kundi limekwisha.

Walisuluhishana, lakini muda haukuwasubiri. Mnamo Aprili 25, 2002, Left Eye alifariki katika ajali ya barabarani nchini Honduras, akiwa na umri wa miaka 30. Albamu ya nne, 3D, ilikuwa bado haijakamilika. Wenzake waliimalizia wakitumia sauti alizokuwa amesharekodi, na ikatoka Novemba mwaka huo.

Tangu hapo T-Boz na Chilli wamekataa kumweka mtu mwingine kwenye nafasi ya Left Eye. Hata walipofanya shindano la televisheni mwaka 2005 kumsaka mwimbaji, walieleza kwamba ni wa kushirikiana nao kwenye wimbo, si mrithi wa mwenzao. Katika biashara ambayo kampuni hubadilisha wasichana wa kundi kama matairi ya gari, uamuzi huo unastahili heshima.

Kisha wakafanya jambo ambalo mwaka 1991 lisingewezekana. Januari 2015 waliwaendea mashabiki moja kwa moja kupitia mtandao wa Kickstarter wakiomba dola 150,000 za kurekodi albamu ya mwisho. Lengo lilifikiwa kwa siku mbili. Mwishowe zilipatikana zaidi ya dola 430,000.

Albamu hiyo, iliyoitwa TLC tu, ilitoka Juni 2017. Ilichelewa, na baadhi ya waliochanga walinung’unika, tena walikuwa na haki, maana ukichukua pesa za shabiki amekuwa mdai wako sawa na benki. Wala haikuuza hata chembe ya CrazySexyCool. Lakini safari hii hapakuwa na meneja aliyeolewa na mwenye lebo. Daftari lilikuwa lao.

HAPA KWETU JE?

Kuna msomaji atakayesema hayo ni ya Marekani na ya enzi za CD. Albamu zenyewe siku hizi nani ananunua? Ni kweli CD imekufa, ila senti 56 zingali hai, zimebadilisha nguo tu. Leo zinaitwa malipo ya streaming, mgao wa YouTube, mlio wa simu.

Chukua mfano wa milio ya simu ambayo mteja wako huisikia akikupigia. Kwa miaka mingi wasanii wa Kenya walilia kwamba kinachowafikia ni makombo. Ilibidi Bunge libadilishe sheria ya hakimiliki mwaka 2022 na kuweka mgao kwenye maandishi: mwenye haki ya wimbo apate angalau asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Nambari hizo hazikuja kwa huruma ya mtu. Zilikuja kwa kelele, vikao na mswada.

Na kama unadhani msanii hawezi kuwa mtu wa kusoma mikataba, mkumbuke Angela Ndambuki. Alikuwa mmoja wa mabinti watatu wa kundi la Tattuu, lililotamba na ‘Teso’ hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliendelea na masomo akawa wakili, akaongoza chama cha kukusanya mirabaha ya waimbaji na waigizaji, PRISK, na baadaye akateuliwa kusimamia eneo la Afrika kusini mwa Sahara katika IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Kwa maneno mengine, msichana wa kundi alilishika daftari.

Si lazima kila msanii awe wakili. Lakini kila msanii anaweza kukataa kutia sahihi siku ile ile. Ofisi inayokuambia usaini sasa hivi au nafasi iende kwa mwingine inakuambia ukweli kuhusu yenyewe. Ondoka na nakala. Lala nayo. Mpelekee wakili ambaye hajaletwa na meneja wala lebo, hata kama itabidi muungane watu watatu kumlipa.

Kisha uliza maswali machache ya moja kwa moja. Asilimia yangu ni ngapi, na inahesabiwa kabla au baada ya gharama kukatwa? Gharama zipi, na nani atanionyesha risiti? Rekodi ya wimbo ni ya nani baada ya miaka mitano, au kumi? Jina la kisanii ni la nani tukiachana? Mkataba unaisha lini, na nikitaka kutoka naanzia wapi? Meneja wangu ana uhusiano gani na anayenilipa?

Kama mko kundi, andikianeni nyinyi kwa nyinyi kabla ya kuandikiana na mtu mwingine. Nani ametunga nini, nani anapata ngapi, mmoja akitoka au akifariki mgao wake uende wapi. Mazungumzo hayo ni magumu mkiwa marafiki wasio na kitu. Yanakuwa magumu mara kumi zaidi mkiwa nyota.

Na usisahau kusajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Haina kelele kama kutrend, lakini siku ya ubishi cheti kitasema kile ambacho mashabiki milioni moja hawawezi kukusemea.

Wazazi nanyi, mtoto akija nyumbani akisema amepata lebo, msikimbilie kumkataza wala kupiga vigelegele. Muulizeni karatasi ziko wapi, mketi, msome pamoja. Na wale mnaofungua lebo mitaani kwa pesa zenu, tunawaheshimu kwa kuthubutu. Lakini msanii anayeelewa mkataba hufanya kazi kwa moyo, na yule aliyefungwa asichokielewa huishia mahakamani au mitandaoni akiwaanika. TLC na LaFace walipoteza miaka ambayo wote wawili wangetengeneza pesa.

TLC walifika nambari moja mara nne, wakawafundisha wasichana kujipenda na kujikinga, na sauti zao bado zinapigwa kwenye sherehe za watu ambao hawajui hata majina yao. Hayo yote waliyapata kwa kipaji na ujasiri. Mkataba mzuri walilazimika kuutafuta kwa kesi.

Kipaji unacho tayari, ndiyo maana umeitwa ofisini. Basi kunywa soda, sema asante, chukua nakala yako, na uwaambie utarudi wiki ijayo na wakili.